Mlango wa Stoo ya Nyavu

Mama mkwe hakumfungia kwa kelele. Alimwambia kwa sauti ya asali, "Mwanangu, hebu niangalizie kama panya wametafuna maboya," na mke wa mwanawe alipoinama kati ya marundo ya nyavu, mlango ukafungwa nyuma yake, komeo likaingia.

"Mama?"

"Tulia humo. Mashua zikishatoka nitakufungulia. Chai yako iko juu ya debe."

Kweli chai ilikuwepo, tena imefunikwa. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Ulimi ndio uliomponza. Kila siku alishuka gatini kusoma nguzo ya chuma iliyosimama majini kupimia kina kwa sentimita, kazi aliyoachiwa na baba yake. Alisoma mara mbili, asubuhi na adhuhuri, maana upepo wa asubuhi huyasukuma maji mtu akadanganyika. Kisha aliandika namba kwa chaki kwenye ubao wa mbele ya kibanda cha muuza barafu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Kipimo. Leo, badala ya kwenda moja kwa moja ubaoni, alipitia nyumbani kunywa maji, akamwambia mama mkwe, "Mia na kumi na nane."

Namba ikishuka chini ya mia na ishirini, ghuba ya matete hufungwa, hakuna kuvua humo mpaka maji yapande. Samaki hutaga humo, na ziwa likipungua vifaranga hujaa mahali pamoja kama mchele kwenye ungo. Wavu mmoja unazoa kizazi kizima.

Alipokuwa msichana, mwaka mmoja watu waliipuuza namba. Wiki mbili walivua huku wanacheka mpaka jino la mwisho. Mwaka uliofuata nyavu zilileta magugu. Muuza barafu alizima mitambo, seremala wa mashua akawa anachonga miiko, wenye bustani za kando ya maji mboga zao zikawaozea kwa kukosa mnunuzi. Yeye mwenyewe aliacha shule. Hapo ndipo watu walipojua kwamba hata asiyewahi kulowa kisigino anakula ziwani.

Lakini alijua na upande wa pili. Ghuba ilipofungwa mara ya mwisho, ilikaa wiki kumi. Mwanawe wa miaka mitatu alilamba mwiko mpaka ukang'aa, na mama mkwe alikuwa akisema ameshiba kabla hata hajapakuliwa. Mtu kama huyo utamwita mbaya?

Stoo ilinuka tope na magamba. Nje alimsikia muuza barafu.

"Jamani, Mama Kipimo yuko wapi? Ubao umenuna leo!"

"Kichwa kinamuuma," mama mkwe alijibu. "Maji ni yale yale ya jana."

"Mia ishirini na moja?"

"Hayo hayo. Wewe ponda barafu, acha udaku."

Alifungua kinywa apige kelele. Ukutani, upande wa pili, mwanawe akauliza, "Bibi, leo tunakula samaki?"

"Leo utakula mpaka masikio yashibe."

Mtoto akacheka. Kinywa kikajifunga chenyewe. Ziwa lilikuwa limepungua, lakini yeye maji yalimfika shingoni.

Alikaa juu ya nyavu muda mrefu. Vidole vyake vilizipapasa, hizi hizi alizozishona na mumewe, na polepole akaona jambo ambalo mama mkwe, kwa haraka zake, hakuliona. Kamfungia pamoja na nyavu. Na mashua haitoki bila nyavu. Mlango huu hufunguka kwa nje, hushikizwa kwa kulabu ukutani ili wabebaji wapite, na hapo upande wake wa ndani hutazama ngazi za gati.

Chaki ilikuwa bado kwenye pindo la nguo yake. Aliinua mkono, akaushusha. Akaufikiria ule mwiko. Kisha akainuka akaandika, kutoka juu ya mlango hadi usawa wa komeo, 118, na chini yake: GHUBA IMEFUNGWA. Chaki ikaishia vidoleni.

Saa kumi mumewe alikuja na wabebaji wawili. Alifungua bila kumtazama, aibu imemwinamisha, akauvuta mlango akautia kulabu kama siku zote, akainamia wavu. Nyuma yake watu waliokuwa gatini wakaugeukia mlango.

"Mia na kumi na nane," muuza barafu alisoma taratibu. "Jamani. Imefungwa."

Mbebaji mmoja akatua mzigo. Mama mkwe akaja mbio, pindo la nguo mkononi, tayari kufuta.

"Futa tu, mama," seremala alimwambia kutoka kwenye ngazi. "Macho yetu utayafutia nini?"

Mkono wa mama mkwe ulibaki hewani, halafu ukashuka.

Nyavu zikarudishwa moja moja. Mama Kipimo ndiye aliyezipokea, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ndani. Mumewe alimpa ya mwisho, akaelekea gatini mikono mitupu. Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti cha stoo.

"Haya, Mama Kipimo. Huyu mtoto atakula namba?"

Mlango ulikuwa wazi wote, barabara iko mbele yake, wala hakuna aliyemzuia. Mtoto alikuja akiburuta sufuria tupu.

"Mama, samaki yuko wapi?"

Aliipokea ile sufuria, akaruka miguu ya mama mkwe, akaingia nayo jikoni kutafuta cha kupika.