Barabara ya Mwisho ya Muthamia

Kitendawili: nyumba yangu ni mifupa mitupu, ikipinduka inabaki nyumba. Msiharakishe. Jibu lilikuja na damu.

Mwanangu Muthamia alikuwa bingwa wa mbio za magari huku kwetu, na magari yenyewe aliyaunda kwa mkono wake hapo Makutano. Kushoto kwake alikaa Kithaka, kijana wa Embu, akimwitia kona kabla hazijafika. Hata vyuma walichomelea pamoja. Juzi gari lao lilibingirika ndani ya ngano ya Timau. Kithaka alitoka akichechemea. Muthamia alitolewa maiti.

Siku ya mazishi gari lililetwa Nkubu juu ya lori, likashushwa karibu na kaburi. Hawa wa mbio wana desturi yao: dereva akifa, msoma njia wake humwitia barabara ya mwisho, kutoka gereji mpaka nyumbani. Asipoitiwa, wanasema, bado yuko njiani. Basi Kithaka, aliyetoka hospitali asubuhi hiyo, akaweka helmeti juu ya jeneza, akaanza.

"Toka Makutano, moja kwa moja. Kushoto, polepole. Daraja..."

"Nyamaza!" Huyo ni Mwirigi, kitinda mimba wangu. "Wewe ndiwe ulimsomea njia ya kaburini! Mbona wewe hukufa?"

"Mwirigi, wacha nimalize, nitakuambia."

"Utaniambia nini? Ulichomelea vibaya! Nyinyi wa Embu mnaunga chuma kama mtu anafunga mbuzi!"

Watu wakacheka. Kicheko hicho kilimtia wazimu zaidi. Alimpiga Kithaka ngumi ya mdomo, jino likarukia udongo wa kaburi. Vijana waliokuja kuchimba wakainua sepeto. Moja ilimpata Kithaka mgongoni, nyingine ikampasua kichwa. Pasta alipojaribu kuwazuia walimsukuma, akaangukia mashada ya maua.

"Maliza yeye!" mtu akapiga kelele.

Nikaona wataua mtu miguuni pa mwanangu. Na akifa huyu, Muthamia atafikaje nyumbani?

Nilimshika Kithaka shati nikamsukumia ndani ya gari, pale mlango ulipong'oka. Nikaingia nyuma yake, na magoti yangu haya mabovu. Ndani kulikuwa na ile keji ya mabomba waliyochomelea kuzunguka viti, ndiyo mifupa ya gari. Mawe yakaanza kunyesha. Mwirigi akaja na nyundo ile kubwa ya kuvunjia mawe.

"Mama, toka!"

"Nikitoka mimi, utaingia wewe umuue. Kwanza piga hapo unaposema palichomelewa vibaya. Piga!"

Akapiga. Nyundo ikaruka nyuma, karibu imng'oe bega. Akapiga tena, akilia na kutukana. Rangi ilibanduka, lakini bomba halikupinda, kiungo hakikuachia. Akapiga mara nyingine kwa nguvu zake zote, nyundo ikateleza kwenye bomba, ikaniangukia mkono.

Niliusikia mfupa kabla sijasikia uchungu.

Sepeto zikashuka.

"Kithaka," nikasema, "mwambie sasa."

Kithaka akatema damu. "Tulipopinduka tulikuwa wazima sote. Tunaning'inia kwenye mikanda, kichwa chini. Petroli inanuka, na mguu wangu umebanwa. Nikamwambia, ngoja, shika paa kwanza. Hakungoja. Alifungua mkanda aje anitoe. Akaangukia shingo, ikavunjika."

Mwirigi alipitisha kidole kwenye kile kiungo, polepole, kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Hakuupata. Nyundo ikamtoka mkononi. Akamtoa Kithaka kwa mikono miwili, akanitoa mimi, akaita gari la kutupeleka hospitali.

"Bado," Kithaka akasema. "Hajafika."

Alisimama akiegemea bega la yule yule aliyemvunja jino. Damu ilimwingia jichoni, na maneno yalipita kwenye pengo yakipiga mluzi.

"Daraja, nyembamba. Kulia ya ghafla, shika breki. Soko, watu wengi. Panda. Kanisa upande wako. Panda tena. Migomba. Geti la mama, liko wazi."

Mwirigi ndiye aliyemalizia, maana Kithaka aliishiwa pumzi.

"Simama, kaka. Umefika."

Ndipo tukamshusha.