Chura wa Beseni la Mama Povu

Mama Povu alikuwa dobi wa shuka za hoteli, mjane, viganja vimekunjamana kwa maji ya miaka ishirini. Nyuma ya chumba chake cha kufulia palikuwa na dimbwi lenye matete, na zamani vyura walilia humo mpaka watu wakiagana mlangoni walilazimika kupaza sauti. Kisha wakanyamaza. Mwaka wa kwanza akasema ni kiangazi. Mwaka wa pili akaja Mhesabu, bwana mrefu wa buti za mpira, ambaye kazi yake ni kuhesabu viumbe.

"Si hapa tu, mama," alimwambia. "Dunia nzima wanyama wanapungua. Mabwawa yanafukiwa, misitu inakatwa, dawa za mashambani, joto, maji machafu..."

"Maji machafu yapi?"

Bwana akautazama mfereji uliotoka chini ya ukuta wa Mama Povu kuingia dimbwini. Ulinuka dawa ya madoa mpaka macho yanawasha.

Siku hiyo Mama Povu alisali kwa aibu. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa viumbe vyake, kisha akavimwagia sumu beseni kwa beseni! Akauziba mfereji kwa saruji. Tangu hapo maji ya dawa akayabeba kwa ndoo mpaka kwenye shimo la majitaka kule mbele, safari kumi na mbili kwa siku, huku mke wa mwanawe, mpiga pasi, akimcheka dirishani.

"Mama mkwe, hao vyura wakikuona watakuonea huruma!"

"Piga pasi wewe. Kona ya hiyo shuka imekaa kama sikio la mbuzi."

Mvua ziliporudi, Mhesabu naye akarudi, na habari nzito. Halmashauri ilitaka kulifukia dimbwi liwe maegesho ya magari. Wangeliacha iwapo tu yeye angesikia chura humo, jioni hiyo, ndani ya dakika kumi.

Wakasimama watatu kando ya dimbwi, yeye, Mama Povu na mke wa mwanawe, wakitega masikio. Dakika tano. Nane. Matone yalidondoka kutoka paani. Mama Povu alisali kimoyomoyo, midomo ikimcheza.

"Kroo!"

Wakageuka. Sauti imetoka chumba cha kufulia! Mke wa mwanawe akakimbilia ndani.

"Mama! Yumo kwenye beseni la kusuuzia, amekaa juu ya shuka kama bwana harusi!"

Mhesabu akatikisa kichwa. "Samahani, mama. Beseni si dimbwi. Huyo simwandiki."

"Kwani huyo ni birika? Si chura huyo?"

"Kroo!" beseni likaita tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyetukanwa.

Na matete yakajibu. Mmoja. Halafu wa pili, mwenye sauti nene, ng'ambo ya dimbwi.

Mama Povu akapiga kigelegele, na vyura wote wakanyamaza papo hapo.

"Haya, umewanyamazisha tena!" mke wa mwanawe akapiga kelele, akicheka mpaka akashika ukuta.

"Nimeshaandika wawili," Mhesabu akasema, naye meno yote nje.

"Na mgeni wangu?"

"Basi, naandika pembeni: na mmoja wa beseni."

Shuka ilikuwa na alama za matope za miguu minne. Mama Povu akaifua upya, kwa sabuni tupu bila dawa ya madoa, akimshukuru Mungu kwa kila doa.