Dina Hakutua

Jumamosi moja ya Mei 1972, Rahabu, mshonaji wa barazani pale Lushoto, alifunika cherehani mapema akaenda kumtafutia binti yake Dina, mwenye miaka tisa, kikundi cha sarakasi. Vilikuwepo viwili. Uwanjani, Mwalimu Fanueli aliwafundisha watoto kupinduka juu ya magunia ya nyasi kavu. Walicheka ovyo, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia mgeni. Ghalani, kwa Bwana Mbaraka, watoto thelathini walisimama wima wakasema shikamoo kwa sauti moja. Sakafu ilikuwa saruji tupu, na fimbo iliegemezwa mlangoni. Rahabu aliiona. Lakini shikamoo ile ilimkonga moyo, akaandikisha jina.

"Hapa adabu kwanza," alisema Bwana Mbaraka. "Sabasaba tunakwenda Tanga."

Wiki ya tatu Dina alirudi na mistari miguuni.

"Mama, nikitua vibaya ananichapa."

Rahabu alimpaka mafuta ya nazi, akamwambia avumilie, kwani kitambaa cha sare kilikwisha kukatwa. Ndiyo sababu aliyoitoa, mtu mzima na akili zake.

Jumatano iliyofuata Dina aliruka kutoka mabegani mwa wenzake na hakutua. Alibaki hewani, usawa wa kenchi za paa. Bwana Mbaraka akamwambia anyooshe vidole vya miguu, mazoezi yakaendelea. Jioni wenzake walimvuta hadi nyumbani kwa kamba, wakaifunga kwenye nguzo ya baraza. Kwa kuwa ukungu wa Juni una baridi kali, Rahabu alimshonea koti zito, akawa anampandishia ugali na maharage kwa ngazi.

"Shuka, mwanangu."

"Nikishuka nitatua vibaya."

Rahabu alitaka kumwambia kwamba kule harudi tena. Lakini katibu wa tawi la chama alikwisha kuleta barua ya kumpongeza Dina, na majirani walikuwa wameisoma. Akamwambia ale ugali usipoe. Alishuka ngazi akijichukia.

Tanga watu walimpigia Dina makofi sana, akielea kwenye kamba yake. Mgeni rasmi aliuliza urefu wa kamba tu, na Bwana Mbaraka akazawadiwa saa ya ukutani.

Mwezi wa Agosti alikuja Yunis, mkulima wa kabichi kutoka Vuga, amemshika mkono binti yake mwenye pengo la meno mawili.

"Dada Rahabu, wewe umeshapita huko. Huyu nimpeleke wapi?"

Rahabu alijua pa kumpeleka. Jina la Mwalimu Fanueli lilimfika mdomoni. Ila kulitaja kungekuwa kukiri mbele ya Yunis, na mbele ya Dina aliyekuwa juu ya paa akisikiliza, kwamba fimbo aliiona tangu siku ya kwanza.

"Nenda ghalani kwa Bwana Mbaraka."

"Hapigi watoto?"

Rahabu alikata uzi kwa meno.

"Mkali kidogo. Lakini watoto wake wanafika mbali."

Yunis alishukuru, akamwongoza binti yake kuelekea ghalani. Kamba kwenye nguzo ilikaza ghafla. Ilibidi iongezwe futi mbili, na Rahabu akaiongeza.