Nguzo Mbili za Amon

Jumanne, saa nne asubuhi, Tabea Mgaya alikuwa amekaa juu ya rundo la nguzo za misindano katika yadi yake ya mbao, Makambako, akinunua hisa za kampuni ya dhahabu kwa simu. Zamani kampuni hiyo ilichukua kwake lori zima la nguzo kila mwezi, za kuzuia miamba chini mgodini. Mwaka huu iliacha bila maelezo, na Tabea akahamia kwenye hisa zake. Hakukaa nazo zaidi ya siku chache. Zikipanda asilimia saba anauza. Zikishuka nne anauza. Kanuni hiyo aliiandika kwa chaki mlangoni.

Simu ilipojibu kwamba amekwishanunua, unga wa mbao ulifumuka miguuni pake, akatoka mwanamume mwenye kofia ngumu na taa kichwani.

"Shikamoo mama. Hapa ni wapi?"

"Marahaba. Makambako."

"Kuna baridi," alisema, akazima taa asimalize betri.

Aliitwa Amon, mchimbaji wa kampuni ileile. Tabea alimpa chai na sweta la mumewe, Elius. Alhamisi hisa zilifika saba, akauza, na Amon akazama kwenye unga wa mbao kabla hajamaliza kikombe.

Jumatatu Tabea alinunua tena. Amon akatoka palepale, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Wameacha kuweka nguzo, mama," alisema. "Wanasema zinakula hela. Wenye hisa wamefurahi."

Tabea alikumbuka jinsi alivyofurahia ile asilimia saba. Sasa hakujua alifurahia nini.

"Usiniuze," Amon alisema, akaanza kupanga mbao.

Jumatano bei ilishuka nne. Elius alikuwa ameleta viazi kutoka shambani Njombe, akasoma mlango.

"Mama Rejoice, kanuni inasema uuze."

"Nikiuza, anarudi chini."

"Na ada ya Rejoice?"

Tabea alifuta nne kwa kiganja, akaandika nane. Elius alichukua kisu. Alimenya viazi, wakala watatu.

Ijumaa asubuhi Amon aliazima simu ya Elius, akapiga nyumbani kwao. Alipomaliza alivaa kofia yake.

"Nafasi yangu wamempa mdogo wangu, Festo. Ana siku mbili kazini, hajui kusikiliza mwamba. Niuze, mama. Na nipe nguzo mbili."

Tabea alimchagulia mbili zilizonyooka, hakutaka malipo. Amon alizibeba begani, akasimama juu ya unga wa mbao. Tabea akafungua simu. Bei ilikuwa chini kwa asilimia tano.

"Subiri kidogo," alisema. "Inaweza kupanda kabla ya mchana."

Elius alimtazama. "Juzi ulikataa kuuza ili abaki. Leo unakataa nini?"

"Sijui, baba Rejoice. Nikiangalia nambari namwona yeye, nikimwangalia yeye naona nambari."

Amon alisubiri. Saa sita bega lilimchoka, akalaza nguzo chini na kuzikalia. Saa saba bei ilipanda kidogo, Tabea akasema wangoje ipande tena. Ikashuka. Mteja alikuja kuulizia mbao za kenchi ya paa, akamsalimia Amon, akapimiwa, akaondoka. Kidole cha Tabea kilikaa juu ya kitufe mpaka kikafa ganzi, na saa kumi soko likafungwa.

"Jumatatu asubuhi," alimwambia. "Kitu cha kwanza."

"Sawa, mama," Amon alisema. Akaomba tena simu, amwambie Festo asiingie sehemu ya ndani mpaka nguzo zifike. Simu ya Festo haikupatikana. Alikuwa kwenye zamu, chini mgodini.