Kizuka Ndani ya Kosta

Mume wa Bi Wahiba alifia ndani ya gari, na gari lenyewe lilikuwa limesimama. Jambo hilo lilimtesa sana mwanawe Matar, maana kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza ajali ilitokea wapi. Ikambidi aeleze upya kila mara kwamba hapakuwa na ajali yoyote. Baba yake alikuwa amekaa kitandani anakunywa kahawa baada ya Alasiri, akasema kifua kinambana, akajilaza, basi. "Kitandani, ndani ya gari?" watu wakauliza. Ndiyo, kitandani, ndani ya gari. Hapo maelezo yakawa marefu kuliko msiba.

Mzee Haroub aliuza nafaka Temeke kwa miaka arobaini. Mchele wa Kyela, maharage ya Kasulu, karanga za Dodoma, vyote vilipita mikononi mwake, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Chalinze. "Nauza mchele wa Kyela tangu ndevu nyeusi," alikuwa akisema, "na hiyo Kyela siijui kama ni mji au ni jina la gunia." Uzee ulipobisha hodi akamwachia Matar duka, akauza nyumba, akawapa watoto chao, na kilichobaki akanunulia Kosta iliyokwisha kustaafu kubeba abiria, ili hatimaye aende na mkewe kuiona hiyo Kyela. Aliing'oa viti, akaitia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na mapazia. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo kadi ya gari aliiandikisha jina la mkewe. Dereva wa safari angekuwa Bi Wahiba, ambaye ujanani aliendesha pikapu ya duka mpaka wanaume wa sokoni wakachoka kushangaa.

Waliegesha Goba, kwenye kiwanja cha Mwalimu Tekla, mteja wao wa siku nyingi aliyekuwa akiishi pembeni yake katika nyumba isiyokwisha. Kiwanja hicho kilichimbwa moramu mpaka kikabaki mfupa. Hapakuwa na jani wala kivuli, ni ardhi nyekundu tu na ukingo mrefu wa udongo nyuma, na joto ambalo hata jua likizama lilikuwa bado linapanda kutoka chini. Vijana wa bodaboda walipaita Sahara. Haroub na mkewe walikusudia kukaa wiki moja. Kwanza ikasumbua gia, kisha ikaingia Ramadhani, kisha Haroub akataka wasubiri wakute mpunga ukivunwa. Safari ikawa kesho in shaa Allah, kesho in shaa Allah, mpaka ikaja kesho ambayo yeye hakuwamo.

Walipotoka makaburini, Matar alikuja kumchukua mama yake. Chumba kilikuwa tayari Mbagala, na mkewe Maisa alishatundika mapazia mapya na kununua feni.

"Mama, eda utakaa kwetu."

"Eda hukaliwa katika nyumba ya marehemu," Bi Wahiba akasema.

"Nyumba sawa, mama, lakini hii si nyumba. Hii gari! Ina namba mbele na nyuma!"

Akampigia simu shehe wao wa Temeke, tena akaweka spika ili mama asikie mwenyewe. Alijipalia makaa. Shehe aliuliza usiku wa mwisho marehemu alilala wapi, na mkewe alilala wapi. Matar akajibu kwa sauti ya chini.

"Basi hiyo ndiyo nyumba yake," shehe akasema. "Akae humo miezi minne na siku kumi, na asihamehame."

Matar alikuwa mtoto mtiifu, na utiifu huo ndio uliomponza. Yeye aliyesema si nyumba ndiye aliyekwenda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu, ndiye aliyezungusha uzio wa mabati ili mama yake apate faragha. Alipomaliza akajifuta jasho na kutoa sharti lake.

"Sawa. Ila eda ikiisha, siku hiyohiyo twende Mbagala. Na hii gari nishaipatia mtu, anataka kuifanya mgahawa."

Bi Wahiba akajivutia mtandio. Kizuka, mjane aliye ndani ya eda, hatarajiwi kusema mengi, naye aliishukuru sana desturi hiyo.

Akavaa nguo zake nyeupe, akaweka kando wanja na manukato, akakaa. Wiki za mwanzo wanawake walimiminika kutoka Temeke na Mbagala na masufuria yao, wakainama mlangoni wasigonge vichwa, wakalia, wakala, wakaangalia angalia. "Kumbe kuna mpaka kabati!" Kisha wakapungua, kwa sababu Goba ni mbali na kila mtu ana yake. Akabaki na boza la maji, redio, na Mwalimu Tekla, aliyempitia kila jioni akitoka shule.

Peke yake namna hiyo hakuwahi kuwa. Utotoni alilala chumba kimoja na dada zake wanne, na kutoka chumba hicho alipelekwa cha Haroub. Sasa alikuwa akiamka alfajiri, akisali, akifungua madirisha yote kabla bati halijapata moto. Mchana alitandika mkeka wake kivulini mwa gari, kivuli kikihama naye anahama. Akishikwa na njaa alikula. Asiposhikwa hakupika, na hakuna aliyemuuliza leo tunakula nini. Mara moja kwa wiki aliwasha injini kidogo ili betri isife, akaisikiliza, akaizima.

Alimkosa Haroub, tena sana. Alikosa hata ile tabia yake mbaya ya kutafuna mchele mbichi akiwa anasikiliza taarifa ya habari. Kuna siku aliokota punje chini ya kitanda, akakaa chini akalia mpaka koo likamkauka. Lakini machozi yakiisha, aliinua macho akatazama ile ardhi tupu, nyekundu, isiyomdai chochote, na moyo wake ukatulia vizuri mno. Alipotambua kwamba maisha yale anayapenda, alishtuka kama mtu aliyejikuta na kitu cha mwenziwe mfukoni.

"Mwalimu," alimuuliza Tekla jioni moja, "mtu anaweza kumlilia mumewe na hapohapo akapenda kuwa peke yake?"

Tekla alikuwa mtu wa Bukoba, na maneno yake hayakuwa na sukari nyingi. "Mambo ya eda mimi siyajui, Bi Wahiba. Ninachoona ni kwamba unalia na unakula. Mtu anayelia na anakula, huyo ni mzima."

Lakini uzima huo aupeleke wapi? Safari ya Kyela ilikuwa ya Haroub. Yeye aliikubali kwa sababu alimpenda Haroub, mpunga wenyewe haukumhusu. Ungemuuliza Jumatatu, angekwambia ataenda Mbagala akalee wajukuu kama wenziwe. Jumanne angekwambia Kyela, kwa ajili ya marehemu. Jumatano angesema habanduki hapo Sahara. Na siku zilikuwa zinakatika, na yule mtu wa mgahawa alishakuja mara mbili kupima upana wa madirisha kwa macho, kutokea nje ya uzio.

Kisha ikanyesha. Mvua ya Goba haina hodi. Ilikuja Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini, ikaipiga ile ardhi isiyo na jani, na maji yakaanza kushuka mekundu. Ule ukingo wa nyuma ukaanza kudondosha mabonge. Bonge la kwanza liligonga uzio. La pili likaulaza.

Tekla, ambaye siku hiyo aliwahi kurudi kutoka shule, alitoka nyumbani kwake anakimbia, kitenge kichwani. "Bi Wahiba! Udongo unakuja! Toka, njoo kwangu!"

"Siwezi kuhamia kwako, Mwalimu, niko kwenye eda!"

"Basi utazikwa na eda yako!"

Bi Wahiba akampigia Matar. Simu imezimwa, yuko kwenye swala. Akampigia shehe; yake nayo imezimwa, bila shaka ndiye anayehutubu. Hakubaki mtu wa kumuuliza. Nyuma yake bati likalia, bonge jingine limefika. Akautazama usukani.

"Mwalimu, toa mawe."

Tekla akapiga magoti kwenye tope na sketi yake ya shule, akavuta mawe moja baada ya jingine huku akimtaja Bikira Maria. Bi Wahiba akajifunga mtandio, akasema bismillahi, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Magurudumu yakazunguka bure, akatulia, akarudisha nyuma kidogo, akaitafutia njia, akaiingiza gia tena kwa upole kama anayemsihi mtoto kula. Kosta ikapanda. Ikapita pembeni ya choo, ikazunguka mnazi wa jirani, ikasimama juu, kwenye kokoto, ubavuni mwa nyumba ya Tekla. Alipotazama nyuma, mahali kilipokuwa kitanda chake palikuwa na kilima.

Hakuzima injini mara moja. Alikaa, mikono kwenye usukani, mvua inapiga bati, na mwili mzima ulikuwa unacheka kwa furaha. Ilikuwa furaha ya wazi, isiyo na adabu kwa mjane. Akaisitiri kwa kufunika uso kwa mtandio, lakini hata ndani ya mtandio ilikuwemo.

Shehe aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo dharura, Bi Wahiba, na kujiokoa ni wajibu. Tena umehama na nyumba yako! Konokono akisogea, nani atasema amehama?" Matar yeye hakucheka. Alifika jioni, akasimama mbele ya kile kilima cha udongo muda mrefu, mikono nyuma. Alipogeuka alisema tu kwamba yule mtu wa mgahawa bado anangoja.

Eda iliisha siku ya Jumapili. Wanawake walikuja mapema, wakamwogesha, wakamvalisha gauni jipya alilonunua Maisa, wakamfukiza udi, wakampaka wanja kwa mara ya kwanza tangu msiba. Pilau ilipikwa uani kwa Tekla. Walipokwisha kula, Matar akaingia na kigari cha kubebea mizigo, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Haya, mama. Twende."

Bi Wahiba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Kosta. Alimtazama mwanawe huyu mwema, na roho ikamuuma kabla hata ya kufungua kinywa.

"Matar, siendi Mbagala."

"Unaenda Kyela? Kwa ajili ya baba?"

"Labda. Sijui."

"Hujui nini sasa, mama?"

"Sijui niendako. Nilikuwa kwa baba yangu, nikatolewa nikapelekwa kwa baba yako, na sasa wewe umeniwekea chumba. Maisa, mwanangu, chumba ni kizuri, Mungu akulipe. Lakini umri wangu wote nimeambiwa nitalala wapi kabla sijaulizwa. Nataka nikae kidogo bila kujua."

Aliyekuwa anakwangua ukoko uani akaacha.

"Watu watasema nimemtupa mama yangu barabarani!"

"Watu walisema baba yako kafa kwa ajali. Wamesema, wamechoka."

Matar akafungua kinywa kujibu, na sauti haikutoka ile aliyoikusudia. "Baba amenifia mie niko dukani napima unga. Wewe ndani ya mvua ile, mie nimezima simu. Na huko ukinifia, mama, mie nitajuaje?"

Hapo ndipo Bi Wahiba alipofahamu kwamba gari halikuwa ugomvi wao kabisa. Akashuka, akamshika kichwa, mtu mzima na mvi zake, akakilaza begani. Angeweza kumdanganya, na pengine mama mwingine angemdanganya.

"Huenda usijue, mwanangu. Hata nikiwa Mbagala, wewe ungekuwa dukani."

Akalia, naye akalia, na Maisa akageukia ukutani. Kisha Matar akajipangusa kwa mkono wa kanzu. Bila kusema neno akaenda kufunua injini, akapima oili, akajaza maji, akapiga kila gurudumu teke. Alipomaliza akapanda, akakaa kiti cha pembeni ya dereva.

"Nakusindikiza," akasema. "Mpaka Mbezi."

Tekla akafungua njia. Wakashuka vilima vya Goba bila mazungumzo, Matar akikanyaga breki isiyokuwepo kila penye kona, mpaka wakatokea barabara ya Morogoro. Walipofika Mbezi, Matar akasema, "Nishushe hapa, mama." Akashuka, akazunguka upande wa dirisha la mama yake, akaubusu mkono wake uliokuwa bado unanukia udi. Magari yalikuwa yanapiga honi nyuma.

"Ukifika popote," akasema, "nipigie."

Bi Wahiba aliitikia kwa kichwa. Akaingiza gia. Alimlilia Haroub mpaka Kibaha, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia mbele ya watu, na njia nzima hakutoa mguu kwenye mafuta.