Utenzi wa Chui na Chungu cha Uji

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Bagamoyo, Mwanvita binti Pazi wa Kaole alitunga utenzi juu ya jirani yake, Bi Sikuzani, aliyekutana na chui akienda shamba. Siku ya arusi ya binamu wa Mwanvita pale mjini, wageni walipokwisha kula, utenzi ulisomwa kwa mara ya kwanza.

Msomaji alikuwa kaka yake, Mwinyijuma, mwenye sauti iliyosifika pwani nzima. Alikaa barazani pamoja na wanaume, akauimba kwa mahadhi ya kasida, kila irabu akiivuta. Mwanvita alisikiliza nyuma ya mlango, uani kwa wanawake. Alingoja mahali pa kuchekesha:

*Chui kashuka mtini,*
*kanikazia machoni,*
*chungu cha uji kichwani,*
*nami miguu yagoma.*

Hakucheka mtu. Wanaume walitikisa vichwa, mzee mmoja akafuta machozi. "Mashaallah, sauti!"

"Wamesikia sauti," Mwanvita alinong'ona. "Chungu hawakukisikia."

Shangazi yake, Bi Mardhiya, aliyejua kusoma tangu utotoni, akanyoosha mkono kwenye nakala aliyoishika Mwanvita. "Hebu nipe hiyo karatasi."

Akaketi katikati ya wanawake, akausoma kama anayepasha habari za mtaani. Alipofika kwa chui alinyamaza, akawatazama mmoja mmoja.

"Ehe?" wakapiga kelele. "Ikawaje?"

"Chungu cha uji..." akagusa utosi wake taratibu, "...kichwani!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwanvita aliruka alipokaa. Ndicho kicheko alichokisikia kichwani mwake alipokuwa akiandika!

Ubeti uliofuata, shangazi akakwama. "Mwanangu, namiri ndiyo nini?"

"Ni chui, shangazi. Kwa Kiarabu."

"Na chui wa Kaole anakijua Kiarabu?"

Wakacheka tena. Mwanvita akachukua kalamu na wino, akafuta palepale. Akaanza kutega sikio kwa namna nyingine: shangazi alipovuta pumzi, akatia alama, wanawake walipoanza kunong'onezana, akafuta beti mbili bila huruma.

"Na mimi sikulia!" Bi Sikuzani mwenyewe akadakia kutoka pembeni. "Umeandika nimelia. Mimi nilimmwagia uji, akakimbia huku na mimi nakimbia kule!"

"Lo! Mbona hukuniambia, bibi?"

"Hukuniuliza."

Mwanvita akaandika, na shangazi akausoma ubeti mpya wino haujakauka. Kelele zikamleta Mwinyijuma mlangoni. "Kuna nini humu?"

"Njoo, kaka! Wewe imba dua ya mwanzo na zile beti za msitu wa kutisha. Chui akishuka, mwachie shangazi."

Mlango ukafunguliwa wazi, baraza na ua vikasikia pamoja. Mwinyijuma alipoimba msitu, watu walitulia tuli. Bi Mardhiya alipodakia penye chui, wanaume nao wakaitikia "Ehe?" kwa nguvu kuliko wanawake. Chungu kilipomwagika, hata bwana arusi alisahau haya yake, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Jioni, mgeni mmoja kutoka Vigwaza, Bi Tabia, akamshika Mwanvita mkono. "Niandikie na mimi, wasomewe watu wa nyumbani."

"Nani atakayesoma?"

"Mume wangu. Sauti yake kama chura, lakini kwa kuigiza wanyama hana mfano."

Mwanvita akachovya kalamu. "Basi nisubiri kidogo," akasema. "Huyo nitamwongezea mingurumo."