Lenzi ya Themanini

Ibada ya shukrani ya Bibi Eunike kutimiza miaka tisini ilikuwa imekwisha, na chakula kilikuwa bado jikoni, Ebenezeri, mwanawe mkubwa, aliposimama barazani na karatasi ya majina.

"Watapigwa picha watu kumi na wanane," alisema. "Kamera ya Fredy haichukui zaidi. Na picha hii ndiyo itakayoingia kwenye kitabu cha ukoo. Asiyekuwemo, hayumo."

Hellen alisikiliza majina hadi la mwisho. Lake halikuwepo. Hilo angelimeza, maana tangu afiwe na mumewe alikuwa amemeza mengi katika kihamba kile, shamba la ukoo wa mume. Lakini Brenda, Ezra na Yoramu, watoto aliozaa na marehemu Jacob, nao hawakutajwa.

"Shemeji, hawa ni damu ya nani?"

"Mama Brenda, usianze. Lenzi ndiyo inayokataa, si mimi. Tuko thelathini na mmoja."

Kutoka barazani hadi ukingo wa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mlimani, ni hatua kumi. Fredy, mpiga picha wa mtaa wa Majengo, alikuwa amerudi nyuma mpaka viatu vikalowa, na bado watu wa pembeni walikatwa.

Hellen aliingia ndani, akatoka na begi lake. Akiwa na miaka arobaini na saba alikuwa akisoma upigaji picha kwa filamu, jioni, kule mtaa wa Soweto, mjini. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya kuchungulia kutoka juu, kama mtu anayetazama kisimani.

Fredy alisoma namba kwenye lenzi akacheka. "Dada, hii ni ya milimita themanini. Yangu themanini na tano. Utaongeza nini hapo, kidole cha mtu?"

Watu wakacheka. Bwana, Hellen aliomba kimoyomoyo, nisiombe radhi leo kwa jambo ninalolijua.

"Filamu yako ina upana gani?" aliuliza.

"Milimita thelathini na sita. Kila mtu anajua."

"Yangu hamsini na sita. Lenzi zinakaribiana, lakini filamu inayopokea picha ni pana zaidi. Gawanya upana wa filamu kwa lenzi, halafu zidisha kwa hatua ulizorudi nyuma. Ukiwa hapo kwenye mfongo, wewe unaona hatua nne na kidogo. Mimi naona saba."

"Hizo ni hesabu za darasani," alisema Ebenezeri.

"Basi tuzipime."

Alipiga hatua saba sambamba na baraza, akaweka kigoda kila mwisho. Akarudi hadi mfongo, akafungua kamera, akamwita Fredy. Kijana aliinama akachungulia.

"Vigoda vyote viwili vimo," alisema hatimaye. "Mzee, anasema kweli. Nilikuwa nasoma lenzi tu, sikufikiria filamu."

Hellen hakungoja ruhusa. Aliweka watoto wadogo kwenye mkeka, wazee kwenye viti, waliobaki nyuma yao. Bibi Eunike akawa katikati. Watoto wa Jacob hakuwaweka pembeni. Yoramu alikaa miguuni pa bibi, Ezra na Brenda wakasimama nyuma ya kiti chake.

Ebenezeri alibaki barazani na karatasi yake. "Mimi siwezi kupangwa na mwanamke aliyeolewa hapa."

"Sikupangi, shemeji. Kitabu ni chako, na sheria ni yako. Asiyekuwemo, hayumo. Ukibaki hapo, hutakuwemo."

Bibi Eunike alirekebisha kitenge chake magotini, akatazama kamera, wala hakugeuka kumtafuta mwanawe.

Hellen alimwonyesha Fredy pa kubonyeza. Kisha, kabla ya kwenda kusimama karibu na Brenda, akainama mara ya mwisho juu ya kioo cha kamera. Ishirini na tisa walikuwa mahali pao, na nafasi yake mwenyewe ilikuwa wazi. Wa thelathini na mmoja alikuwa anashuka ngazi polepole, karatasi ameikunja mfukoni. Aliupita ukingo wa mkeka, akajipenyeza safu ya nyuma, bega lake mbele ya Ezra, bila kumtazama mtu.

"Shemeji," Hellen alisema, "sogea kidogo. Unamfunika Ezra."